Mwongozo kamili wa kuacha kuwa hewani masaa 24 bila kupotea kwa watu wako

Watu wengi wakichoka na simu wanafanya kitu kimoja, wanafuta apu zote Ijumaa usiku, wanatangaza kwamba wanapumzika na mitandao, na ikifika katikati ya wiki apu zote zimesharudi. Msimamo wanao, ila wamehangaika na simu yenyewe wakati kinachowachosha kiko pengine. Mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kukufikia saa yoyote kwa njia yoyote na anategemea umjibu muda huo huo, na hakuna siku uliyokaa ukakubaliana na mtu kuhusu hilo, lilijijenga lenyewe meseji moja moja mpaka likawa ndo utaratibu wa maisha yako. Kwahiyo hapa sitakuambia uzime simu wala ununue kitochi. Tutaanza na kuamua nani anakupata, saa ngapi, kwa njia gani, alafu wahusika waambiwe, alafu ndo simu ipangwe ifuate yale uliyoamua. Wengi wanaanzia mwisho, kwenye setingi, ndo maana inawashinda.

Fanya kwa mpangilio huu huu, usiruke hatua hata kama unaona ya kwanza ni ndogo.

Kabla ya yote, jua unapambana na nini

Chukua tukio dogo kabisa. Unaandika ripoti, uko katikati ya sentensi, simu imelazwa kifudifudi mezani, inatetema mara moja. Hujaigusa, lakini vidole vimesimama kwenye kibodi na kichwa kimeanza kuuliza ni nani, ni bosi au ni lile kundi la mliosoma pamoja. Unaamua kupuuza, unarudi kwenye sentensi, unaisoma tena tangu mwanzo kwasababu umesahau ilikuwa inaelekea wapi, unaandika maneno manne matano, alafu unaigeuza simu uangalie mara moja tu. Ni kundi. Kuna mtu kaweka emoji ya makofi. Ila sasa umeshaifungua, na pale juu kuna namba nyekundu kwenye apu nyingine mbili, unaingia, na ukija kuinua macho ripoti imepoa na hata hukumbuki uliingilia wapi.

Sophie Leroy, mtafiti wa mambo ya kazi, alionyesha mwaka 2009 kwamba ukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine sehemu ya akili inabaki kule ulikotoka, haihami yote, kwahiyo hiyo ya pili unaifanya na akili pungufu. Na Gloria Mark, profesa wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Irvine, amekuwa akipima kwa miaka mingi watu wanakaa muda gani kwenye skrini moja kabla ya kurukia kitu kingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa kama dakika 2 na nusu, vipimo vyake vya miaka ya karibuni vinaonyesha sekunde 47. Na tusisingizie notifikesheni tu, kwenye tafiti zake mara nyingi mtu hujikatiza mwenyewe bila hata simu kulia, yani ukizoeshwa kukatizwa baadae unajikatiza mwenyewe.

Alafu kuna upande wa waliotengeneza. Ile kuskroli bila mwisho, unashuka unashuka na ukurasa hauishi, ilibuniwa na Aza Raskin, mbunifu wa programu, mwaka 2006 na mwenyewe ameshajitokeza hadharani kusema anajutia ilivyokuja kutumika. Zamani ukifika mwisho wa ukurasa ilibidi ubofye kwenda mbele, na hiyo sekunde ya kubofya ndo ilikuwa nafasi yako ya kujiuliza unaendelea au basi. Sasa imeondolewa. Pia kule kuvuta skrini chini uone kama kuna kipya, mara kipo mara hakipo, kunafuata kanuni ambayo mwanasaikolojia B. F. Skinner aliiona kwa njiwa kwenye maabara miongo mingi kabla ya simu hizi, kwamba zawadi isiyotabirika inamfanya mnyama adonoe kitufe kwa bidii na kwa muda mrefu kuliko zawadi inayokuja kila akidonoa. Kwahiyo ukijikuta unafungua apu ile ile uliyoifunga sasa hivi, usianze kujitukana. Imeundwa hivo, na utaishinda kwa kupanga mazingira, kwa kujikaza peke yake huwezi.

Hatua ya kwanza: siku chache za kuangalia tu

Usibadilishe chochote bado. Kwenye Android nenda mipangilio ufungue Digital Wellbeing, kwenye iPhone ni Screen Time, zote zilikuja mwaka 2018 kwahiyo karibu kila simu inayotumika leo inayo. Watu wakifika pale wanakimbilia masaa, "jamani masaa sita!", wanashtuka, wanafunga. Masaa hayasemi mengi, manake unaweza kuwa ulitumia masaa mawili kwenye ramani unaendesha, au ulikuwa kwenye simu ya video na mdogo wako.

Angalia mara ngapi umeifungua simu kwa siku, na notifikesheni ngapi zimeingia na kutoka apu gani. Hivi ndo vinavyokuonyesha umekatwakatwa vipi. Alafu chukua daftari au kipande cha karatasi, na kila jioni andika mara mbili tatu za siku hiyo ambazo simu ilikuingilia ukaumia, labda mtoto alikuwa anakuhadithia kitu ukamwambia "subiri kidogo" na hakurudia tena, labda ulijibu meseji ya kazi ukiwa kitandani usingizi ukakata. Andika na zile mara ambazo ulifurahi kupatikana, meseji ya rafiki iliyokuja wakati mzuri, simu ya nyumbani. Hiyo karatasi itatumika hatua inayofuata, bila hiyo utabaki unakisia.

Hatua ya pili: amua nani anakupata na kwa njia gani

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote zinaifuata hii. Tenga nusu saa umekaa peke yako.

Andika majina ya watu ambao lazima wakupate muda wowote, hata saa nane usiku. Majina kamili, sio "familia" maana familia ni watu wengi. Kwa wengi wetu hawa hawazidi kumi, mwenzi wako, wazazi, watoto, aliyebaki na mtoto, ndugu anayemuuguza mgonjwa, labda mtu mmoja wa kazini. Ukiona orodha imefika ishirini rudia, kuna watu umewaweka kwa kuogopa watajisikia vibaya.

Kundi la pili ni wanaostahili jibu siku hiyo hiyo lakini sio dakika hiyo hiyo. Hapa wanakaa wafanyakazi wenzako, wateja, marafiki wa karibu, mwalimu wa mtoto. Waliobaki wote, makundi, matangazo, watu wa "mambo vipi" bila shida maalum, utawajibu ukipata nafasi, na kama nafasi ni wikiendi basi ni wikiendi.

Sasa njia. Shida kubwa ya siku hizi ni kwamba dharura na utani vinapita mlango mmoja, habari ya msiba na video ya paka zote zinaingia WhatsApp na mlio ule ule, ndo maana unalazimika kufungua kila kitu kwa hofu. Tenganisha. Utaratibu ambao ni rahisi na unaeleweka kwa kila mtu ni huu: dharura ni simu ya kawaida ya kupiga, ya leo ni meseji, isiyo na haraka ni barua pepe au kundi. Ukishakuwa na uhakika kwamba jambo kubwa litakuja kwa kupigiwa, zile meseji zinapoteza nguvu ya kukushtua.

Alafu waambie. Hapa ndo wengi wanakwama, wanabadilika kimya kimya, watu wanaona mtu hajibu, wanadhani wamekosewa au kuna tatizo, lawama zinaanza na wewe unarudi ulikotoka. Usitangaze kwenye stetasi, mwambie kila mmoja kwa namna yake. Mzazi mpigie au umweleze ana kwa ana, na kama ni lazima uandike, andika kitu kama hiki:

"Shikamoo mama. Kuanzia sasa usiku saa tatu nazima meseji nipumzike, lakini wewe ukinipigia simu itaita hata kama nimelala. Ukiona sijajibu meseji usiwe na wasiwasi, nipigie tu."

Rafiki haitaji maelezo marefu: "Kaka siku hizi WhatsApp naingia mchana na jioni tu, kikiwa kitu cha haraka nivutie waya." Usiombe msamaha na usitoe hotuba kuhusu madhara ya mitandao, mtu akihisi unamhubiria atakubishia badala ya kukuelewa.

Hatua ya tatu: notifikesheni

Sasa ndo tunagusa simu. Kanuni ninayoiamini ni moja, mlio uruhusiwe pale tu ambapo upande wa pili kuna binadamu anayekusubiri wewe. Simu ya kupigiwa, meseji ya mtu mmoja mmoja, basi. Apu ya habari hakuna binadamu anakusubiri. Mchezo hakuna. Duka hakuna. Mtandao unaokuambia fulani kaposti baada ya muda mrefu, hakuna, hiyo ni mashine inakuita urudi.

Njia ya haraka kuliko kuingia kwenye mipangilio na kupitia apu moja moja ni kuzikamata zinavyoingia. Kwa wiki nzima kila notifikesheni ikitokea isiyo ya binadamu, kwenye Android ibonyeze kwa muda utaona chaguo la kuizima, kwenye iPhone itelezeshe kushoto ugonge Options uizime. Wiki ikiisha zile sumbufu zote zimejileta zenyewe na zimeondoka. Na kuanzia leo apu mpya ikiuliza kama iruhusiwe kukutumia notifikesheni jibu ni hapana mpaka ithibitishe umuhimu wake. iPhone zimekuwa zinauliza siku zote, Android zinauliza kuanzia toleo la 13 la mwaka 2022, kwenye matoleo ya nyuma inabidi uzime mwenyewe.

Zima pia zile namba nyekundu juu ya apu, watu wanazisahau wakati zina kelele hata bila sauti.

Tahadhari moja, usizime kila kitu kwa mkupuo. Kuna utafiti uliochapishwa 2019 uliowagawa watu, wengine notifikesheni zikawa zinawafikia kwa mafungu matatu kwa siku na wengine zikazimwa kabisa. Wale wa mafungu matatu walijisikia vizuri na kazi zao zikaenda vizuri zaidi, lakini waliozimiwa kabisa wasiwasi uliwapanda, wakawa wanahisi kuna kitu kinawapita. Kwahiyo jipangie vipindi vya kuangalia, asubuhi ukishaanza siku, mchana, na jioni, na kipindi kikifika ingia kweli ujibu watu vizuri kwa utulivu. Wenye iPhone kuna Scheduled Summary inayozikusanya na kuzileta kwa saa ulizochagua, wengine tumieni saa tu na kichwa.

Hatua ya nne: Usinisumbue iliyopangwa vizuri

Watu wanaogopa kuwasha Usinisumbue, ile Do Not Disturb inayonyamazisha simu, kwasababu ya swali moja, je ikitokea dharura? Swali ni la msingi na lina majibu, ila lazima uyapange kabla.

Lile kundi la kwanza uliloliandika, waweke kwenye vipendwa, zile nyota kwenye orodha ya namba, alafu kwenye mipangilio ya Usinisumbue ruhusu simu za wenye nyota. Kwa iPhone unaweza pia kufungua jina la mtu, kwenye mlio wake ukawasha Emergency Bypass, huyo simu yake italia hata iwe kimya vipi. Kisha washa kipengele cha wanaopiga tena, maana msiba unaweza kuletwa na jirani ambaye hata namba yake huna. Akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 Android inampitisha, iPhone ni ndani ya dakika 3. Waambie na watu wako hilo, "nisipopokea piga tena hapo hapo".

Alafu jaribu. Usiku kabla hujalala muombe mtu mmoja wa kwenye orodha akupigie na mwingine asiye kwenye orodha akupigie mara mbili mfululizo. Ukiona kwa macho yako kwamba inaita, utalala. Usipojaribu utaamka saa saba kuangalia kama kuna mtu amepiga na tutakuwa hatujafanya kitu.

Kama kazi yako ni ya zamu ya dharura, daktari, nesi, fundi wa mitambo, mwenye mgonjwa mahututi nyumbani, usijilazimishe ratiba ya wengine. Wewe panga siku ambazo sio zamu yako, na siku za zamu kubali uko hewani.

Hatua ya tano: WhatsApp na makundi

Hapa ndo kwenye shughuli. Mtu ana makundi thelathini, anayoyataka kwa moyo ni manne, mengine aliongezwa tu na kutoka anaona aibu. Fungua orodha yote, kila kundi jiulize mara ya mwisho kundi hili lilinisaidia nini. Yale yaliyokufa toka. Tangu 2022 ukitoka kundi WhatsApp haiwatangazii wote, wanaoarifiwa ni maadmini tu, kwahiyo ile aibu ya "fulani ametoka" mbele ya watu mia mbili imepungua sana. Kundi la ukoo au la wafanyakazi ambalo huwezi kutoka, lizimie sauti daima, usichague masaa 8 utakuwa unarudia kila siku, alafu liweke kwenye kumbukumbu, archive, litabaki huko hata meseji mpya zikiingia na litakustua tu mtu akikutaja jina au akijibu meseji yako. Mara moja kwa siku unaingia kwa hiari yako, unasoma, unatoa pole au hongera inayostahili, unatoka.

Zima kujipakua kwa picha na video kwenye mipangilio ya hifadhi na data. Utaokoa data, simu haitajaa, na galari yako itabaki na picha zako badala ya kadi za asubuhi njema.

Kuhusu tiki za bluu. Unaweza kuzizima ila na wewe hutaona za wenzako, na kwenye makundi zinaendelea kuonekana hata ukizima. "Mara ya mwisho kuonekana" nayo unaweza kuificha, ukiificha kwa wote na wewe huoni ya mtu. Mimi nashauri uvizime vyote viwili na nina sababu, mtu akiona umesoma saa nne na hujajibu mpaka saa tisa anaanza kutunga hadithi kichwani, na wewe ukijua ameona unalazimika kujibu harakaharaka jibu ambalo lingehitaji kufikiriwa. Ukizizima unapata ruhusa ya kusoma, kufikiri, alafu kujibu. Kuna ndoa na urafiki ningependa zipate hata hiyo nafasi ndogo.

Na wewe pia punguza kuwasumbua wengine. Andika shida yako yote kwenye meseji moja badala ya "mambo", "upo?", "samahani", "nina swali", kila moja ikimtetemesha mwenzio. Meseji ya kazi ukiikumbuka saa tano usiku iandike, iache kwenye rasimu, itume asubuhi. Barua pepe nyingi zinakuwezesha kupanga saa ya kutuma. Huwezi kudai utulivu usiowapa watu wengine.

Hatua ya sita: kazi inayokufuata nyumbani

Hili ni gumu kuliko yote kwasababu kuna mshahara ndani yake, na anayekuambia "zima tu simu ya kazi" labda hana bosi. Tuongee kwa uhalisia.

Kuna nchi zimeshaweka sheria. Ufaransa kuanzia Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutokuwa hewani nje ya muda wa kazi, Ureno mwaka 2021 ikapitisha sheria inayomzuia mwajiri kumtafuta mfanyakazi wakati wa mapumziko isipokuwa kwa mambo yasiyoepukika, Australia ikafuata 2024 kwa kumpa mfanyakazi haki ya kukataa kujibu nje ya masaa endapo kukataa kwake sio kitu kisicho na msingi. Angalia sheria ya kazi ya nchi yako na mkataba wako unasemaje kuhusu masaa, ujue umesimama wapi kabla ya kuongea.

Ukienda kuongea usiende na malalamiko, nenda na pendekezo, na uende baada ya kazi iliyofanyika vizuri. Maneno yanaweza kuwa hivi: "Habari za kazi bosi. Naomba kuanzia wiki ijayo meseji za jioni niwe nazijibu saa mbili asubuhi nikifika. Ikitokea dharura isiyoweza kusubiri nipigie simu ya kawaida, nitapokea." Umempa njia, hujamfungia. Mabosi wengi wanatuma meseji usiku kwasababu ndo wamekumbuka, hata hawategemei jibu muda huo, na wewe ulivyozoea kujibu ndani ya dakika mbili umewafundisha kwamba upo. Kuna wachache watakaokataa, na hao angalau umejua msimamo wao, jadili siku mbili za wiki badala ya tano, au muwekeane zamu na wenzako nani yuko hewani siku gani. Zamu inafanya kazi vizuri sana kwenye timu ndogo na inashangaza ni ofisi chache zinafikiria.

Mchana pale kazini nako funga barua pepe. Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha 2015 utafiti ambao watu waliangalia barua pepe mara tatu tu kwa siku kwa wiki moja, na wiki nyingine waliangalia kadri walivyotaka. Wiki ya mara tatu msongo wao wa kila siku ulikuwa chini. Kama mara tatu ni chache kwa kazi yako, anza na kila lisaa.

Kama unaweza tenganisha vifaa, kazi ibaki kwenye laini nyingine au kompyuta, sawa. Kama simu ni moja, tumia Focus, kwenye Android ipo ndani ya Digital Wellbeing na jioni inasimamisha apu za kazi, kwenye iPhone ipo kwenye mipangilio na inaweza kuficha kurasa zenye apu hizo. Kitu usichokiona hakikuvuti sana.

Hatua ya saba: usiku

Simu ilale nje ya chumba. Najua utaniambia unaitumia kama alamu, nunua saa ya alamu. Mwanga wa skrini kabla ya kulala unachelewesha melatonin, ile homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku, lakini kwa maoni yangu mwanga ni sehemu ndogo ya tatizo, kubwa ni kile unachosoma. Meseji moja ya madai saa nne usiku inaweza kukukosesha usingizi mpaka alfajiri hata ungeisoma kwenye karatasi.

Ikishindikana kabisa kuitoa chumbani, weka mbali mpaka ulazimike kuinuka kitandani kuifikia, na Usinisumbue ijiwashe yenyewe saa uliyopanga. Alamu italia kama kawaida kwenye mpangilio wa kawaida, ila kwenye baadhi ya Android kuna hali ya ukimya wa jumla inayonyamazisha mpaka alamu, hiyo usiiguse. Asubuhi usianze na simu. Oga, vaa, salimia watu wa nyumbani, ndo uifungue.

Hatua ya nane: mkono unaokwenda wenyewe

Notifikesheni zimeisha, watu wameelewa, lakini mkono bado unaingia mfukoni kwenye foleni, kwenye lifti, tangazo likianza. Huu ni mwendo uliojengeka mwilini na unahitaji vikwazo vidogo. Toa apu zinazokuvuta kwenye skrini ya kwanza, ziwe unazitafuta kwa kuandika jina. Ondoka kwenye akaunti kila ukimaliza ili kuingia kuhitaji nywila. Weka skrini iwe nyeusi na nyeupe, kwenye Android ipo kwenye hali ya wakati wa kulala, kwenye iPhone ipo kwenye vichujio vya rangi upande wa Accessibility, picha zinapoa na hamu inapungua. Mtandao ambao huna kazi nao kwenye simu utumie kwenye kompyuta tu.

Na uweke kitu mahali pa simu. Ukiondoa tu bila kuweka kingine mkono utatafuta njia. Kitabu kwenye begi, daftari, au ukae tu uangalie watu wanaopita, kuboreka dakika tano hakuui mtu na mawazo mazuri mengi yanakuja hapo.

Kuhusu watoto

Kwa ufupi, maana hili linahitaji mwongozo wake. Watoto wanafuata wanachokiona. Ukiweka sheria ya simu nje ya meza ya chakula, na ya kwako iwe nje. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 linasema mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekwe kwenye skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Kwa wakubwa, chaji za simu za nyumba nzima zikae sehemu moja sebuleni usiku, za wazazi zikiwemo.

Wiki za mwanzo utapitia nini

Utahisi simu imetetema mfukoni wakati hata mfukoni haipo. Ni kitu cha kawaida kabisa kwa watu wa simu, kinafifia. Utapata pia mtu mmoja au wawili watakaokuambia umebadilika, unaringa siku hizi. Wapigie, wasikie sauti yako, dakika kumi za kuongea zinamaliza manung'uniko ambayo meseji mia hazimalizi. Na kuna siku itatokea shughuli, safari, mgonjwa, utarudi kuwa hewani muda wote kwa wiki nzima. Hiyo ni halali, watu wako wanakuhitaji. Kosa linakuja pale shughuli inaisha na wewe unabaki hivo hivo, kwahiyo shughuli ikianza tu andika kwenye kalenda tarehe ya kurudisha utaratibu.

Kila baada ya miezi mitatu hivi rudia ile orodha ya majina, kuna watu wanaingia na wengine wanatoka. Ukinunua simu mpya au ukiirudisha ya zamani kama ilivyotoka kiwandani, usidhani mipangilio yote itahamia, ruhusa za notifikesheni na zile nyota mara nyingi zinabidi zipangwe upya. Ifanye siku hiyo hiyo kabla hujaanza kuitumia, na lile jaribio la kupigiwa mara mbili lirudie.